Kuifuata Timu Ugenini Siku za Sikukuu: Lipi Lifaalo?



Kila ufikapo mwezi wa Desemba, maofisini mwetu husikika mazungumzo ya namna mbili. Wengine huulizana juu ya safari za kwenda makwao kuwaamkia wazee. Na wengine huulizana juu ya ratiba ya Ligi Kuu: timu yetu itacheza wapi baada ya Krismasi, nani atakwenda, na gari litaondoka saa ngapi. Wala si ajabu, maana tangu tarehe 25 Desemba hadi tarehe 12 Januari, ambayo ni Sikukuu ya Mapinduzi, mna siku 19, na katika hizo siku nne ni za mapumziko kwa watu wote. Mpenda mpira aionapo nafasi hiyo, moyo wake hautulii nyumbani.

Wako wenzetu wasemao ya kuwa kuifuata timu ugenini siku kama hizo ni upuuzi, na ya kuwa mtu mzima mwenye mke na watoto hana haki ya kuiacha meza yake ya sikukuu kwa ajili ya watu ishirini na wawili wanaokimbiza mpira. Wako na wengine wasemao ya kuwa shabiki asiyesafiri si shabiki, bali ni mtazamaji tu. Sisi twaona ya kuwa kila upande umeshika nusu ya neno. Rai yetu ni hii: safari ya ugenini ni jambo jema, nalo lastahili kutetewa, lakini namna tuifanyavyo safari hiyo yauharibu wema wake, na dawa ya uharibifu huo haiko mbali, bali imo mikononi mwetu wenyewe tulioungana katika chama.

Kwanza tuutaje wema wake. Mtumishi wa Serikali ni mtu wa kuhamishwa. Leo yuko Lindi, kesho yuko Kigoma, na kesho kutwa amewekwa Makao Makuu Dodoma. Walakini wako wengi miongoni mwetu waliokaa miaka kumi katika mji mmoja, ambao nchi yao waijua kwa majalada tu: waandika barua kwenda Singida kila juma, wala hawajapata kuuona mwamba hata mmoja wa Singida. Mpira huwatoa watu kama hao nje. Tena katika gari la mashabiki hapana daraja la mshahara. Mkuu wa idara hukaa kiti kimoja na tarishi, Mwislamu na Mkristo hugawana mkate mmoja, na mtu wa pwani hujifunza salamu za watu wa bara. Wazee wetu waliliona jambo hili zamani. Marehemu Martin Kayamba na wenzake walipokiunda chama cha watumishi Waafrika pale Tanga mwaka 1922, waliwakusanya makarani na walimu wa dini na makabila mbalimbali, wapate kujuana na kusaidiana. Basi lolote liwakutanishalo watumishi nje ya kazi tusilidharau.

Sasa tuseme lile ambalo halipendezi kusikiwa. Mashabiki wengi wa Simba na wa Yanga husema, «Tusipokwenda, timu itakosa watu wa kuitia moyo.» Maneno haya ni matamu, lakini si kweli. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Na katika miaka hiyo yote zimejipatia wapenzi katika kila mkoa. Zikienda Mwanza, Mbeya au Songea, zakuta wenyeji wamekwisha kujaza kiwanja wakiwa wamevaa rangi zao. Mara nyingine mwenyeji wa mchezo ndiye aonekanaye mgeni katika kiwanja chake mwenyewe! Kwa hiyo mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100, asijidanganye ya kuwa aenda kuiokoa timu. Aenda kwa furaha yake mwenyewe. Furaha si dhambi; ila furaha hupimwa kama furaha, nayo haipewi jina la wajibu. Mtu asemaye «ni lazima niende» ataikopea safari, ataidanganyia ofisi, naye atajiona amefanya haki. Mtu asemaye «napenda kwenda» atatazama mfuko wake kwanza.

Wenye kuhitajiwa na timu zao ni wale wa timu ndogo za mikoani, zijapo Dar es Salaam zikiwa na sauti chache nyuma yao. Twakumbuka msimu wa 2013/14, ambapo Mbeya City, timu iliyokuwa ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza ikamaliza katika nafasi ya tatu, mbele ya Simba. Mashabiki wake waliifuata safari baada ya safari, na sauti zao zikasikika katika viwanja ambavyo havikuzoea kusikia sauti za wageni. Wale ndio wenye haki ya kusema ya kuwa kwenda kwao kulikuwa na kazi. Basi twawashauri wenzetu mliopata kutumika Bukoba, Tabora, Tanga au Mbeya: timu ya mji uliowapokea na kuwalisha ijapo mjini kwenu siku za sikukuu, nendeni mkakae upande wa wageni wachache. Safari hiyo ni ya nauli ya daladala tu, na shukrani yake ni kubwa.

Yako mambo matatu yaharibuyo safari za sikukuu, nayo twayataja bila kuficha.

La kwanza ni fedha. Mshahara wa Desemba hushangiliwa kama bwana harusi. Na ufikapo mwezi wa Januari, nyumba huwa kama ya wafiwa. Ni kweli ya kuwa tangu mwaka 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne. Lakini sare, viatu, madaftari na mikoba havikuondolewa katika orodha ya baba na mama. Mtu aliyekwisha kuumaliza mshahara katika nauli na vyakula vya njiani huwaendea wale wakopeshaji ambao watu wamewaita kwa haki «kausha damu», na wengine wao huishika kadi ya benki ya mkopaji mpaka deni liishe. Hapo magoli mawili ya dakika tisini yamegeuka kuwa utumwa wa miezi sita. Kama mtoto akaa nyumbani juma la kwanza la masomo kwa kukosa viatu, na baba yake alikuwa Singida akipuliza tarumbeta, sisi hatuwezi kumtetea baba huyo.

La pili ni kazi. Tarehe 27 Desemba milango ya ofisi hufunguliwa, na wananchi huja: huyu ataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kuandikishwa shule, huyu amefiwa, huyu amefuata hati ya shamba. Akute kiti kitupu na kuambiwa, «Bwana yule ni mgonjwa,» na jioni ile ile amwone bwana yule katika picha za simu akicheza ngoma kiwanjani! Wanachama wenzetu, cheti cha mganga kilichotafutwa kwa ajili ya mpira ni uongo ulioandikwa kwa wino. Tunayo likizo ya siku 28 kwa mwaka, nayo ni haki yetu. Mwenye kutaka kusafiri na aandike ombi lake mapema, akabidhi kazi kwa mwenzake, aende kwa amani. Chama kinachodai haki za watumishi mbele ya Serikali hakiwezi kuwa na uso wa kudai, ikiwa wanachama wake waiba siku za kazi.

La tatu, nalo ni zito kuliko yote, ni uhai. Siku za sikukuu magari huwa machache na watu ni wengi. Mashabiki hukodi basi kwa bei ya chini, dereva akawa ametoka safari nyingine usiku ule ule, na abiria wakasimama njiani kati ya viti. Sisi tuliwahi kupanda gari la namna hiyo tukirudi kutoka mikoa ya kati. Dereva alisinzia mara mbili, na mama mmoja muuza maandazi, aliyekuwa amekaa karibu naye, ndiye aliyemwamsha kwa kumwimbia. Tulifika salama kwa rehema za Mungu na kwa sauti ya mama yule. Na kwa wale wavukao bahari kwenda kutazama Kombe la Mapinduzi, twawakumbusha meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na Skagit iliyozama Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Wale waliopotea walikuwa na haraka ya kufika kama tulivyo nayo sisi. Chombo kikijaa, ngoja kingine. Mpira utasimuliwa, maiti hasimulii.

Huenda msomaji akauliza: basi tufanyeje? Twatoa mashauri manne.

Shauri la kwanza: kila tawi liwe na hazina ya safari, mbali na hazina ya misiba. Mwanachama akiweka shilingi 10,000 kila mwezi tangu Februari hadi Novemba, atakuwa na shilingi 100,000 kabla ya Desemba kuingia. Tutazame hesabu hiyo yaweza nini. Mwaka 2024 gari moshi la reli mpya lilianza kwenda Dodoma, na nauli ya daraja la kawaida toka Dar es Salaam iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000. Kwa nauli hiyo kwenda na kurudi ni shilingi 62,000, zikabaki shilingi 38,000 za kiingilio na chakula. Mshahara wa Desemba haukuguswa, na kausha damu hakupata kitu. Haba na haba hujaza kibaba.

Shauri la pili: matawi yapokeane. Gharama kubwa ya msafiri baada ya nauli ni malazi. Kama tawi la Dodoma litawalaza wageni wa tawi la Dar es Salaam majumbani mwao, nalo lipokewe vivyo hivyo zamu yake ifikapo, gharama hiyo itaondoka, na mahali pake utakuja udugu. Mgeni naye ajue adabu: abebe sukari na sabuni, wala asimcheke mwenyeji wake timu yake ikishindwa.

Shauri la tatu: tusiwaache watu wa nyumbani. Ikiwa safari ni furaha, kwa nini iwe ya baba peke yake? Mke akipenda mpira, waende pamoja. Asipoupenda, auone mji. Wako pia wanachama wanawake waupendao mpira kuliko waume zao, nao hawapati gari lililo na heshima ya kusafiria. Gari lisilo na walevi wala matusi laweza kumchukua mama na mtoto. Na gari lisiloweza kumchukua mama na mtoto, sisi twaona halimfai hata karani.

Shauri la nne lawahusu wakubwa wa mpira. Ratiba ya mwisho wa mwaka na itangazwe mapema, wala isibadilishwe ila kwa dharura. Msafiri aliyekwisha kulipa nauli, kisha akaambiwa mchezo umesogezwa siku mbili, hana wa kumrudishia fedha yake. Wala tusiambiwe ya kuwa shabiki hawezi kusikilizwa. Wenzetu wa Uingereza, ambao desturi yao ya kucheza tarehe 26 Desemba ni ya zamani sana, walikuwa wakilalamika juu ya bei ya kiingilio cha ugenini. Vyama vya mashabiki viliungana, timu hii na ile, vikadai kwa adabu na kwa muda mrefu, na tangu msimu wa 2016/17 klabu za Ligi Kuu yao zilikubali ya kuwa tiketi ya mgeni isizidi pauni 30. Hawakupewa kwa huruma. Walipewa kwa umoja. Basi na sisi tuandike barua moja yenye sahihi za mashabiki wa Simba, Yanga, Azam, Coastal Union na wengineo, tuone kama haitasomwa.

Limebaki neno moja juu ya kushindwa. Tarehe 13 Januari 2024, katika kiwanja cha Amaan, Mlandege ya Unguja iliifunga Simba goli moja kwa bila, ikalitwaa Kombe la Mapinduzi. Walikuwapo waliovuka bahari wakidhani waenda kulichukua kombe, wakarudi mikono mitupu. Ugenini ndiko mtu anakojulikana alivyo: asiye na mke wa kumnunia wala jirani wa kumkimbilia, amesimama kati ya wenyeji wanaoshangilia. Akiweza kumpa mwenyeji mkono na kusema, «Hongereni, mmecheza vema,» amejifunza jambo litakalomfaa hata mbele ya dirisha la ofisi, siku mwananchi atakapomjia kwa hasira.

Kwa hiyo, wanachama wenzetu, msifungiwe ndani siku za sikukuu, wala msiende kama waliofukuzwa. Sanduku la hazina ya safari lifunguliwe katika mkutano wa Februari, na achaguliwe mtu mwaminifu wa kulitunza. Desemba itatukuta tumekwisha kulipa.