Anayetoa Ndiye Aliyeshika Mizani

Jamani, mimi si mtu wa kupigiwa ramli, lakini kuna karata moja ya taroti imenikaa kichwani. Ni Sita ya Sarafu. Tajiri amesimama, mkono mmoja kashika mizani, mwingine anadondosha sarafu kwa maskini wawili waliopiga magoti. Wajuzi wanasema maana yake ni ukarimu na kupeana kwa haki.

Haki? Mizani yenyewe iko mkononi mwa nani?

Aliyeichora ni Pamela Colman Smith, London, mwaka 1909. Alichora karata zote 78. Mwaka huohuo alimwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz kwamba kazi ilikuwa kubwa na pesa kiduchu. Karata zikasambaa duniani kwa jina la Rider-Waite: Rider mchapishaji, Waite aliyemwagiza achore. Jina la mchoraji likaachwa nje. Pamela alifariki mwaka 1951, Uingereza, akiacha madeni.

Sisi tunaolipwa kwa stori tunamwelewa. Niliwahi kumfuatilia mhariri mmoja miezi mitatu kwa malipo ya stori moja. Siku aliponilipa nikajikuta nasema, "Asante sana bosi, Mungu akubariki." Kama nimepewa sadaka!

Ukarimu ni kutoa kilicho chako. Jasho la mtu si lako, ni deni. Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla hujajisifu kwa kutoa, jiulize: fundi wako, dada wa kazi nyumbani kwako, umeshawalipa?