Mchezo Huahirishwa, Mtoto Hangoji

Mwanafunzi mmoja wa hapa Naivasha, aliyeingia Gredi ya 10 Januari 2026, alinionyesha kwenye simu ya mamake mchezo wa Kijapani uitwao Final Fantasy XV. Alitaka kujua ulitungwa kwa muda gani. Nilipomjibu kuwa ni miaka 10, alicheka sana.

Kisa chenyewe hakichekeshi. Kampuni ya Square Enix iliutangaza mchezo huo Mei 2006 kwa jina jingine, chini ya uelekezi wa Tetsuya Nomura. Miaka ikapita, mitambo uliokusudiwa ikachakaa, na mwaka wa 2013 ukabadilishwa jina ili uchezwe katika mitambo mipya. Mwaka uliofuata Nomura akaondolewa, kazi akakabidhiwa Hajime Tabata. Stella, mhusika ambaye mashabiki walikuwa wamemzoea kwa miaka mingi, akafutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Lunafreya.

Lakini Tabata alifanya jambo moja la busara. Machi 2015 alitoa kionjo cha mchezo, akawauliza wachezaji kwa maandishi ni nini kinachowaudhi, akawajibu hadharani, na Juni mwaka huo akatoa kionjo kilichorekebishwa. Aidha, ilipodhihirika kuwa dosari zimesalia, aliahirisha uzinduzi kutoka Septemba 30 hadi Novemba 29, 2016. (Hata hivyo sura ya 13 ililalamikiwa mno, ikarekebishwa Machi 2017.)

Nawaomba walimu wenzangu wautazame mtaala wetu wa umilisi kwa jicho hilo. Ulifanyiwa majaribio mwaka wa 2017, ukaanza kote nchini Januari 2019. Serikali mpya ilipoingia mwaka wa 2022, iliunda jopokazi lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, na sekondari msingi, ambayo iliandaliwa kukaa katika shule za upili, ikahamishiwa shule za msingi. Uamuzi ulitangazwa Desemba. Watoto waliingia Gredi ya 7 Januari 2023.

Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Mtoto wa miaka 12 kusomea karibu na nyumbani ni heri kuliko kupelekwa bwenini. Ninalolalamikia ni kwamba Tabata alikuwa na uwezo wa kuahirisha, ilhali mtoto hana kitufe cha kumsimamisha akangoje maabara ijengwe. Mwenzangu mmoja alifundisha uchujaji kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, pamba, na maji ya ziwa. Somo lilieleweka, shukrani kwa mwalimu wala si kwa mpango.

Kwa kuwa kuahirisha hakuwezekani, kuuliza kulikuwa kwa lazima zaidi. Kundi hilo la kwanza limepita madarasa yote yaliyobadilishwa likiwa ndani yake, nalo linajua kuliko kamati yoyote ni wapi mtaala unapovuja. Wizara ya Elimu ingeweza kuwapa wanafunzi wa Gredi ya 10 karatasi moja ya maswali, isiyo na jina wala alama, kisha ikachapisha majibu yao pamoja na yale itakayoyarekebisha kabla ya wadogo zao kufika huko.

Nilimwuliza kijana yule angeandika nini. Alisema angeanza na hadubini: aliichora mara tatu kabla ya kuigusa.