Kabla ya kumtafuta ‘mtu wa ndani’, kagueni vyeti

Tangazo la nafasi za mwandishi mwendesha ofisi au msaidizi wa kumbukumbu likitoka, wazazi wengi hushika simu. Anatafutwa shemeji aliye wizarani, rafiki wa rafiki, yeyote anayesemekana anaweza “kumsogeza” kijana. Wapo wanaouza mbuzi au kukopa kikoba ili kumlipa mtu wasiyewahi kumwona sura.

Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ni bure. Kijana hujisajili kwenye Ajira Portal kwa namba ya Nida, hupakia barua ya maombi iliyosainiwa, wasifu na vyeti. Akiitwa, huanza na usaili wa kuandika, kisha wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, na mwisho mahojiano. Anayedai fedha ili ampitishe katika hatua hizo ni tapeli.

Msaada wa mzazi unaanzia kwenye bahasha ya vyeti iliyo kabatini. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanaidi, cha kidato cha nne Mwanahidi. Nida ina jina la babu, chuo kimeishia kwa baba. Miaka yote hakuna aliyejali, lakini siku ya usaili vyeti halisi hukaguliwa kimoja kimoja, na majina yanayotofautiana hudai hati ya kisheria. Hati hiyo haipatikani usiku wa kuamkia usaili. Kwa hiyo hata mwenye mtoto wa darasa la saba ana la kufanya leo: ahakikishe jina linalopelekwa kusajiliwa kwa mtihani ni lile lile la cheti cha kuzaliwa.

Aangalie pia kama kijana ana cheti chenyewe cha kidato cha nne au bado anatembea na karatasi ya matokeo. Karatasi hiyo haikubaliwi.

Na kama kuna fedha ya kutumia, iwekwe kwa ajili ya usaili. Msailiwa hujilipia nauli, chakula na malazi.

Nyumbani apewe muda wa mazoezi ya kuchapa, kwa usahihi kwanza, kasi baadaye. Tarakimu moja ikikosewa kwenye namba ya jalada hospitalini, daktari anaweza kusoma historia ya mgonjwa mwingine.

Kipindi kigumu zaidi ni cha kusubiri. Wiki zinapita, majina hayatoki, na kila asubuhi kuna anayeuliza, “Vipi, bado tu?” Mwulizaji husahau kabla ya chai kupoa. Kijana hubaki nalo siku nzima. Akianza kukosa usingizi, kuacha kula, kujifungia chumbani au kukwepa wenzake kwa zaidi ya wiki mbili, huo si uvivu wala deko. Azungumzwe naye kwa upole, na hali ikiendelea apelekwe kituo cha afya.

Aliyefaulu bila kupangiwa kituo naye asikatiwe tamaa. Jina lake linaweza kuwekwa kwenye kanzidata na akaitwa nafasi ikitokea. Wakati huo aendelee kuomba kwingine, simu yake iwe hewani, na nyumbani ahesabiwe kuwa mtu mzima anayetafuta kazi, si mzigo.