Njegere za Mtawa



Wapendwa wasomaji, wengi wenu mmeuliza kwa nini tafakari hizi zilikoma. Jibu ni fupi: paroko mwenye ujenzi wa kigango, mafundisho ya ndoa, misiba na vikao vya kamati ya fedha hubakiwa na usiku tu wa kuandikia, na usiku una usingizi wake. Sasa nimekwisha kukabidhi parokia, na ile mpya sitaipokea kabla ya mwezi kwisha. Hivyo nimeirudia kalamu, na jambo la kwanza lililonijia ni njegere.

Nazungumzia njegere za Gregor Mendel. Vijana wetu wa sekondari hulikuta jina lake katika biolojia, lakini ni wachache wanaoambiwa kwamba alikuwa padri, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino katika mji wa Brno, ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Alipewa upadri mwaka 1847. Kuwahudumia wagonjwa kulimtesa rohoni hata yeye mwenyewe akaugua. Akapelekwa kufundisha, na mwaka 1850 akashindwa mtihani wa cheti cha ualimu. Uchungaji haukumfaa, na ualimu ulimfungia mlango. Abate wake, Cyril Napp, akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna asome fizikia, hesabu na elimu ya mimea. Natamani kila mkubwa wa kazi angekuwa na jicho la abate yule.

Kuanzia mwaka 1856 hadi 1863 Mendel alipanda njegere katika bustani ya monasteri, mimea ipatayo 28,000. Tazameni uvumilivu wake: alilifungua ua changa, akaondoa sehemu zake za kiume kabla hazijakomaa, akalipaka chavua ya mmea mwingine, kisha akalifunika kwa kifuko ili wadudu wasiingie. Halafu akahesabu. Katika jaribio moja alipata mbegu 7,324: za mviringo 5,474, zenye mikunjo 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Mikunjo iliyokuwa imetoweka katika kizazi cha kwanza ilirudi katika cha pili. Matokeo hayo aliyasoma mbele ya wanachama wa chama cha elimu ya viumbe cha mji ule mwaka 1865, yakachapwa mwaka uliofuata, na ulimwengu ukanyamaza.

Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abate. Zikaja hesabu za monasteri na mabishano marefu na serikali juu ya kodi; utafiti ukafifia. Alifariki mwaka 1884, na karatasi zake nyingi zikachomwa moto. Miaka 16 baadaye, wataalamu waliokuwa wakitafuta jambo lile lile waliikuta makala yake. Waliikuta kwa sababu ilikuwa imechapwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mapadri wenzangu wanaoona kwamba padri akiandika juu ya mbegu anapoteza wakati wa Injili. Aliyeziumba njegere hakutukataza kuzihesabu. Tena ninawaonea uchungu waamini wetu. Muuguzi mstaafu aliyepokea watoto kwa miaka 30, mvuvi anayejua samaki gani wamepungua na tangu lini, mkulima aliyejaribu mbegu tatu katika shamba moja: wote hawa wamebeba elimu ambayo haijaandikwa popote, na wakizikwa huzikwa nayo.

Sisemi kwamba kukosa kazi ni neema. Kijana anayezunguka na bahasha ya vyeti hahitaji mahubiri juu ya utulivu. Anahitaji mshahara, na wenye nafasi ya kumwajiri tunao humu humu katika Jumuiya zetu. Lakini ninyi mnaongoja barua ya uhamisho, au mliostaafu mwaka huu, ninawaomba mnunue daftari. Andikeni tarehe, andikeni hesabu, andikeni na yale yaliyokwenda kinyume na mlivyotazamia. Mkiajiriwa tena hamtapata nafasi, Mendel hakuipata.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitamwandika Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Mwenye swali alilete mapema, kabla sijafunga masanduku.