Mgonjwa wa kisukari apimwe na mkojo

Mgonjwa wa kisukari akifika kliniki huchomwa kidole na kuambiwa sukari imesoma ngapi. Ikisoma vizuri anarudi nyumbani ameridhika, ilhali namba hiyo ni ya asubuhi ile tu; haisemi lolote kuhusu figo zake. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni 1. Sukari inapokaa juu miaka mingi, presha ndani ya vichujio hivyo hupanda, kuta zake hunenepa na kuingia makovu, kisha albumini, protini ambayo ilipaswa kubaki kwenye damu, huanza kuvujia kwenye mkojo. Hakuna maumivu yoyote. Miguu inapovimba, mara nyingi sehemu kubwa ya figo imekwisha kufa, na iliyokufa hairudi. Ndiyo maana nasema kipimo cha albumini kwenye mkojo, angalau mara moja kwa mwaka, kiwe haki ya kila mgonjwa wa kisukari, sawa na kile cha sukari.

Wapo watakaouliza: hata akijua mapema, atasaidiwa na nini? Atasaidiwa sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya 1 waliokwisha kuanza kupoteza protini ulionyesha kwamba kaptopril, dawa ya presha, ilipunguza kwa karibu nusu hatari ya figo zao kuendelea kuharibika. Dawa za jamii hiyo, kama enalapril, zinajulikana na si za anasa. Hoja ya gharama ni nzito zaidi, na siipuuzi: kipimo chenyewe cha albumini hakipatikani kila zahanati. Lakini wajawazito wetu hupimwa protini kwa kijiti kinachochovywa kwenye mkojo. Kijiti hicho hakioni uvujaji ulio mdogo sana, ila kinaona mwingi, na ni afadhali kuliko kungoja uvimbe. Anayeona hata hicho ni ghali apige hesabu ya kusafisha damu kwa mashine: kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara, maisha yote au mpaka apatikane mtu wa kumpa figo, achilia mbali nauli na siku za kazi zinazopotea. Kwa aina ya 2 upimaji uanze siku ile ile ugonjwa unapogunduliwa, maana huenda sukari ilikuwa juu miaka kadhaa bila mtu kujua.