Shikamoo Haishibishi

Tangu alfajiri hata usiku wa manane magari hayakatiki Mlandizi. Yapita mabasi ya Morogoro, Dodoma na Mbeya, yapita malori ya Zambia na Kongo. Abiria achunguliaye dirishani huona embe zilizopangwa mafungu, huona vibao vya viwanja vinavyouzwa, huona vijana wa bodaboda wakigombea wateja. Jambo moja halioni. Nyuma ya barabara hiyo, katikati ya mikorosho na minazi, wamo wazee wetu. Wako wanaokaa peke yao, na wako wanaokaa na wajukuu watatu wanne walioachiwa na wazazi waliokwenda mjini. Leo twataka kusema juu ya wazee hao, wala hatutasema kwa kunong'ona.

Siku hizi twasikia maneno ya namna mbili. Wako vijana wetu wenye kazi nzuri mjini wasemao kuwa dawa ni kujenga nyumba za kulelea wazee kama za Ulaya na Marekani. Mwana atalipa ada kila mwezi, mzee atalala pazuri, atakula kwa saa, atapimwa presha, na mwana ataendelea na shughuli zake. Na wako wanaoruka wasikiapo neno hilo. Wao husema hiyo ni aibu, Mwafrika hamtupi mzee wake, tuwaachie Wazungu mambo yao.

Sisi twasema kuwa pande zote mbili zimeshika mkia wa jambo, kichwa wamekiacha.

Hao wa kwanza wameona jengo, hawakuona lililojenga jengo. Mzee wa Marekani anayehamia katika makazi ya wazee wenziwe, kwenye bustani, maktaba na muuguzi, mara nyingi haingii mikono mitupu. Ana pensheni ya miaka aliyofanya kazi, tena pengine ameuza nyumba yake akaweka fedha benki. Akikipenda chumba atakaa, asipokipenda atatafuta kingine. Hata huko, asiye na fedha hana uchaguzi huo. Je, mzee wa Mlandizi aliyelima muhogo na korosho maisha yake yote ana pensheni gani? Mifuko ya NSSF na PSSSF ni ya waliokatwa michango, na aliyelima kwa jembe la mkono hakuna aliyemkata mchango. Kuiga jengo bila pensheni ni kuezeka paa pasipo kuta.

Na hao wa pili, wasemao kuwa Mwafrika hamtupi mzee wake, twawauliza: wamepata kwenda Nunge, Kigamboni? Wamepata kwenda Fungafunga, Morogoro? Mlandizi yetu imekaa njiani kati ya makazi hayo mawili, wala hakuna anayeweza kusema ni mbali. Yako na Kolandoto huko Shinyanga, Bukumbi Mwanza, Njoro Moshi, Kilima Bukoba, na mengine, na kule Unguja ziko Sebleni na Welezo. Makazi haya hayakuletwa na vijana wa leo. Baadhi yake yalianza kuwa kambi za wagonjwa wa ukoma, watu waliofukuzwa na ndugu zao wenyewe kwa hofu ya ugonjwa. Walipopona hakuna aliyekuja kuwachukua, wakazeekea palepale. Basi tusijidanganye. Kutupa mzee tumekujua siku nyingi. Tulilokosa ni ujasiri wa kulitaja.

Maisha katika makazi hayo yakoje? Tuseme haki. Yako mahali ambapo mtu asiye na mtu hupata kitanda, chakula, dawa na paa lisilovuja. Wako wauguzi na wapishi ambao kwa mshahara mdogo humwosha na kumlisha mtu asiye ndugu yao. Hao twawapa heshima yetu yote. Mzee mwenye nguvu kidogo hulima bustani ya mchicha, hufuga kuku wawili, hucheza bao chini ya mti. Sikukuu ikifika wageni huja na sabuni, sukari na mchele, picha hupigwa, hotuba husomwa. Kisha gari huondoka, na mzee hurudi chumbani kungoja sikukuu nyingine. Ukimwuliza anakosa nini hatakutajia nyama kwanza. Atakuambia hana wa kumpa habari za kwao, nani kazaliwa, nani kafa, mvua imenyesha au haijanyesha. Mkate ameupata, ila watu wake amewakosa. Ndiyo sababu twasema makazi ni kimbilio la asiye na mtu, wala yasiwe jalala la mwenye watoto saba.

Sasa turudi Mlandizi. Zamani mzee wa Kizaramo au wa Kikwere alikuwa na shamba, na shamba ndilo lililokuwa pensheni yake. Minazi aliyoipanda ujanani ilimlisha uzeeni, na mwana aliyetaka urithi alikaa karibu na babaye. Leo mji wa Dar es Salaam unatujia mbio kwa njia ya Morogoro. Ekari iliyokuwa ya korosho sasa ni viwanja vinane. Mnunuzi huja na bunda la noti, mwana hutoka mjini mara moja kumsaidia baba kutia dole gumba, fedha hugawanywa, pikipiki hununuliwa, bati mbili tatu huezekwa. Baada ya mwaka fedha imekwisha, pikipiki imevunjika, na mzee hana shamba wala hana mwana. Alikuwa na chake, sasa ana shukrani za watu.

Hapo ndipo kichwa cha jambo kilipo. Mzee mwenye chake haitwi mzigo. Akiwa na shilingi yake mwenyewe, hata ikiwa ndogo, hununua kiberiti bila kuomba, humpa mjukuu daftari, hutoa rambirambi msibani, na mkwewe humwamkia kwa adabu. Asiye na kitu, umweke Nunge au umweke sebuleni kwa mwanawe Mbezi, ni yuleyule: hungoja kupewa. Kwa hiyo swali letu si mzee akae wapi tu. Swali ni mzee ale kwa haki ipi?

Tukumbuke ni wazee gani tunaowasema. Aliyetimiza miaka 70 mwaka 2025 alizaliwa mwaka 1955, mwaka ule ambao Mwalimu Nyerere alikwenda kusema mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, kwa safari iliyochangiwa na wananchi. Bendera ya Uhuru ilipopanda mwaka 1961 alikuwa mtoto wa miaka sita. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipowataka watu wachimbe vyoo, yeye ndiye kijana aliyeshika sururu. Vijiji vilipoanzishwa alihamishwa, akajenga upya kwa mikono yake. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipigwa na vijana wa rika lake. Miaka ya themanini mwanzoni, sukari na sabuni vilipoadimika, yeye ndiye aliyesimama foleni kulea watoto ambao leo ni wakubwa wa maofisi. Taifa hili limesimama juu ya mabega hayo, na leo mabega yameinama.

Wala si sisi tuliobuni neno hili. Katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, Mwalimu alieleza kuwa mzee aliyeonekana kukaa tu bila kazi katika jamii ya zamani alikuwa amekwisha kufanya kazi ujana wake wote. Na Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililosisitiza kuwa kila mtu aishi kwa jasho lake, liliwatoa watoto, walemavu na vikongwe. Kumbe hata siku zile za ukali juu ya wanyonyaji, mzee hakuhesabiwa mnyonyaji. Alihesabiwa mtu anayedai.

Je, tumemlipa? Tumelipa kidogo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Serikali iliagiza mzee asiyejiweza atibiwe bure, na vitambulisho vimetolewa. Yote hayo ni mema. Lakini sera si sheria, na kwa miaka mingi wazee wamedai sheria. Mzee afikaye dirishani na kitambulisho chake mara nyingi huambiwa maneno mawili: kumwona daktari ni bure, dawa hakuna, kanunue. Mpango wa TASAF nao husaidia kaya maskini, na wazee wengi wamo. Lakini hupewa kwa sababu ya umaskini wao, si kwa sababu ya uzee wao, na aliyeachwa nje ya orodha hana la kusema.

Wako watakaotuambia kuwa pensheni kwa kila mzee ni ndoto ya nchi tajiri. Tuwajibu kwa mifano ya jirani, maana mfano wa jirani haukataliki. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi, na mwaka 2020 ikatunga na Sheria ya Wazee. Mwaka 2018 Kenya ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi zao 2,000 kwa mwezi. Uganda ilianza kwa majaribio mwaka 2010, kisha ikaeneza nchi nzima kwa waliofikisha miaka 80, shilingi zao 25,000 kwa mwezi. Lesotho, nchi ndogo ya milimani, ilianza tangu mwaka 2004. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo tajiri kama Uingereza. Zilianza na walio wazee zaidi, kwa kiasi kidogo, na hazikufilisika. Ikiwa Unguja na Pemba wameweza, ndugu zao wa Bara wanashindwa kitu gani?

Twasema wazi: Bara nayo ianze. Ianze na wa miaka 80, kisha 75, kisha 70. Kiasi kiwe kidogo mwanzoni, lakini kiwe haki iliyoandikwa katika sheria, si fadhila ya mkubwa fulani. Hilo ndilo dai letu, na wabunge wanaokuja kutuamkia wakati wa kura watalisikia.

Lakini hatutasubiri Serikali huku tumekunja mikono. Yako yaliyo juu yetu wenyewe.

La kwanza ni la watoto. Wewe uliye Dar es Salaam, nauli ya kuja Mlandizi ni ndogo kuliko fedha unazomaliza katika harusi moja ya rafiki. Njoo. Usitume simu tu. Unapofika sema shikamoo, kisha tazama chungu kina nini, maana shikamoo haishibishi. Wala usimwachie mama yako wajukuu wanne kama mizigo ya stesheni, ukamtumia fedha za mmoja. Maji ya Mto Ruvu yasafishwayo hapa kwetu yakifika mjini hayarudi. Mtoto wa watu si maji.

La pili ni la shamba. Mzee asitie dole gumba peke yake usiku. Mauzo yajulikane kwa serikali ya kijiji, kwa mke au mume, na kwa watoto wote, na sehemu ya nyumba na mashina ya kumlisha ibaki. Mwana amsukumaye baba kuuza shamba lake la mwisho ni mwizi, hata kama ameshika kalamu badala ya panga.

La tatu ni la wanachama. Kila tawi liwe na daftari la wazee wa vitongoji vyake: nani anakaa peke yake, nani haoni, nani hana kitambulisho cha matibabu, nani hajafikiwa siku nyingi. Vijana wapangiane zamu za kuteka maji, kukata kuni, kumpeleka mzee Kituo cha Afya Mlandizi na kusimama naye dirishani mpaka apate dawa. Kazi hiyo haingoji bajeti. Na wanaokwenda Nunge au Fungafunga wasingoje tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Waende Jumanne ya kawaida, bila mpiga picha, wakae wacheze bao, wampe mzee habari za kwao.

La nne ni la wazee wenyewe. Penye wazee haliharibiki neno, lakini neno halitoki kwa mzee aliyejificha. Mabaraza ya wazee yakutane, yadai, yahesabu. Mliwahi kudai nchi mkaipata. Kudai dawa na pensheni si kazi kubwa kuliko ile.

Msomaji wetu, huenda una miaka 25 nawe waona habari hii si yako. Hesabu vizuri. Nywele hazichagui chama wala cheo zinapokuwa nyeupe. Sheria tutakayoidai leo kwa ajili ya bibi wa Mlandizi ndiyo utakayoikuta mlangoni siku mkono wako utakaposhindwa na jembe. Tukimwacha yeye leo, tutakuwa tumejitia saini wenyewe. Leo kwake, kesho kwako.