Embe halidondoshwi

Msimu wa embe ukishika, kati ya Novemba na Januari, masoko ya Temeke Stereo na Tandale jijini Dar es Salaam hupokea shehena nono, nyingine zikitoka hapo jirani Mkuranga. Matenga hushushwa kwa pupa, mengine yanabwagwa chini, na hakuna anayeshtuka kwa sababu ganda bado linang'aa. Lakini nyama imeshapondeka. Baada ya siku mbili doa jeusi linajitokeza kwenye meza ya mama muuza matunda wa Mbagala au Tegeta, ambaye si yeye aliyebwaga tenga. Mtaji wake ndio unaooza.

Hasara hii inazuilika. Manispaa zinazokusanya ushuru sokoni zijenge vivuli vya kushushia mizigo na kuweka kreti za plastiki za kukodi. Tenga la fito litandikwe nyasi kavu. Wabeba mizigo wanaolipwa kwa idadi ya matenga hawawezi kulaumiwa peke yao kwa haraka yao; wenye mali wawaongeze ujira. Wachumaji nao waache kikonyo kidogo, utomvu usiunguze ganda. Na embe lililopondeka litengwe mapema, maana hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva kwa mengine. Likamuliwe juisi siku hiyohiyo.